Mwizi akishakopi, utafanyaje?

Wadau, kuna kisa kimoja hakinitoki kichwani. Aprili 2021 genge la REvil lilijigamba kuwa limeiba mafaili ya Quanta, kampuni ya Taiwan inayoiundia Apple kompyuta za MacBook. Wakadai dola milioni 50. Quanta wakagoma kulipa. Basi jamaa wakaigeukia Apple yenyewe, wakamwaga michoro ya MacBook mtandaoni tarehe 20, siku ileile Apple wanazindua bidhaa mpya!

Zamani hawa walikuwa wanakufungia mafaili tu. Ukiwa na nakala ya akiba, unarudisha, kazi inaendelea. Siku hizi wanakopi kwanza. Nakala ya akiba inarudisha faili, hairudishi siri. Na ukilipa, unabaki kutegemea ahadi ya mwizi.

Ona pia mlango waliopitia: siri ya Apple imevujia kwa fundi wake. Yetu je? Juzi kafe nilikuta vyeti na kitambulisho cha mtu nisiyemjua, vimeachwa wazi kwenye kompyuta. Mimi nilivifuta. Je, aliyekaa pale kabla yangu?

Mnasemaje wadau?