Wawili Juu ya Pikipiki Moja: Jibu la Hoja

Amedai ndugu yetu mmoja, katika makala iliyochapishwa juzi, kwamba mume na mke wanaozunguka dunia kwa pikipiki hawasafiri, bali wamehamisha nyumba yao na ugomvi wake. Na kwa kuwa dai hilo limevikwa joho la hekima, yafaa livuliwe hadharani.

Emilio Scotto wa Argentina, ambaye ndugu yetu amtolea mfano wa msafiri wa pikipiki aliye mpweke, aliondoka Buenos Aires mwaka 1985, akahitimisha safari mwaka 1995 baada ya kilomita zipatazo 735,000. Ila mkewe Mónica aliungana naye njiani, jambo ambalo ndugu yetu amelinyamazia.

Tena yaelekea hajapata kuvuka mpaka na mwenziwe: huyu yu ndani ya forodha akingojea muhuri, yule yu nje juani, mkono juu ya tangi, akilinda mizigo, na jioni huyu akaza nati na kuitia cheni oili, yule awasha jiko na kupima maji yaliyobaki, pasi na kuamrishana. Kutwa hawasemezani, kwani upepo hauruhusu; dereva akiguswa bega mara moja husimama, mara mbili huendelea. Kukabidhi uhai wako mikononi mwa mtu usiyeuona uso wake, alfajiri hata magharibi, miezi na miaka, ni elimu asiyoipata mpweke. Ugomvi upo, naam, lakini hauna mlango wa kuubamiza.

Dai lake ni batili. Nasi twamsihi, kabla ya kulirudia, apande nyuma walau siku moja.