Video za nyumbani kwanza, sinema baadaye

Kila nikiombwa na jamaa au rafiki nimsaidie kupanga video zake, mambo huwa ni yale yale. Ana diski ya nje ya terabaiti moja imejaa sinema na tamthilia, zimepangwa mpaka raha: folda ya kila msimu, kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Kisha unamwuliza, "Na video ya harusi yako iko wapi?" Anajikuna kichwa. Iko kwenye DVD, ndani ya droo ya kabati la runinga, pamoja na betri zilizokufa na rimoti ya deki ambayo haipo tena. Nakala ni hiyo moja tu.

Huo ni mpango uliopinduliwa kichwa chini miguu juu. Sinema ya Hollywood ikipotea leo, kesho utaipata kwingine, maana kuna maelfu ya nakala zake duniani. Harusi ya shangazi yako, mazishi ya babu, mtoto wako akijaribu hatua za kwanza: hizo hakuna mwingine aliyekuhifadhia. Mpiga video aliyezirekodi huenda alifunga duka zamani, na kanda zake akazifuta ili arekodi harusi nyingine. Basi ukiamua kujenga maktaba ya video kwenye kompyuta yako, anza na zile ambazo wewe ndiwe mlinzi wake pekee. Tamthilia zitangoja.

Wakati nao hautungoji. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ilikuwa ya mwisho kujulikana ikitengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Deki zilizobaki ni za mitumba na vipuri vyake ni vya kuokoteza. Mwenye kanda anahitaji deki inayofanya kazi, kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha kutoka kwenye zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, na uvumilivu: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kunakiliwa. Hapo hakuna njia ya mkato.

Wenye DVD nao wasijione salama. DVD ya kuchoma si sawa na ile ya kiwandani. Ya kiwandani data imepigwa chapa kwenye plastiki yenyewe. Ya kuchoma imeandikwa kwa leza kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hudhoofika kwa joto na mwanga. (Aliyeacha ya kwake kwenye dashibodi ya gari kule Mombasa, pole.) Na laptopu nyingi za siku hizi hazina hata mahali pa kuitia. Ushauri wangu ni ukoo mzima uchange, mnunue kisomeo kimoja cha DVD cha USB, kizunguke nyumba hadi nyumba. Diski iliyokwaruzika usiilazimishe kwa kuinakili mara mia. Kwenye Linux kuna programu iitwayo ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu zinazosomeka, kisha hurudi kupambana na zile ngumu. Nimeona ikirudisha harusi ambayo wenyewe walikuwa wameshaililia.

Ukifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, kila moja karibu gigabaiti moja. Watu wengi hunakili faili la kwanza tu wakidhani wamemaliza. Ndiyo maana katika nyumba fulani harusi hukatika kabla ya keki! Nakili folda nzima; DVD ya tabaka moja haizidi gigabaiti 4.7, na kwa bei ya diski za leo hiyo si hasara. Kisha tumia HandBrake, programu ya bure, kutengeneza nakala ya kutazama: faili la MP4, picha kwa kodeki ya H.264, sauti kwa AAC. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 2 kwa sekunde itakula kama gigabaiti 1.8. Ukiona mistari kama meno ya kitana watu wanapotembea, ni kwa sababu video za zamani zilirekodiwa kwa mistari ya kupokezana; HandBrake ina kichujio cha kuiondoa. Na usijaribu kuikuza iwe ya HD. DVD yetu ina nukta 720 kwa 576, na nukta ambazo kamera haikuziona hakuna programu itakayozirudisha.

Najua watakuja wataalamu kuniambia H.264 ni ya mwaka 2003, mbona nisitumie HEVC ya 2013 au AV1 ya 2018, zinazopunguza sana ukubwa wa faili. Ni kweli zinapunguza. Lakini tableti ya mama yangu haina chipu ya kufungua AV1, na ikilazimishwa kufanya kazi hiyo kwa programu tu, picha hukwama na betri huisha kabla ya maharusi kufika. Ninachokitafuta hapa ni faili litakalofunguka kwenye kifaa chochote mtu atakachokuwa nacho. Megabaiti nitanunua.

Video za simu zina balaa lake. Video inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na akiipokea mwingine akaituma mbele huzidi kuchakaa. Mwombe aliyerekodi akutumie kama dokumenti, maana tangu 2022 inakubali faili la hadi gigabaiti 2 bila kuligusa. Mwombe wiki hiyo hiyo, kabla simu haijaibwa.

Majina ya mafaili yaanze na tarehe: mwaka, mwezi, siku. Faili liitwalo "2009-12-19 Harusi ya Shangazi, Nakuru" litajipanga lenyewe kwenye kompyuta yoyote, bila programu yoyote. Kando yake weka faili la maandishi ya kawaida lenye jina lile lile, uandike nani yuko ndani, nani anaimba, nani alikuwa mpiga picha. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la video ni hilo. Usiyaache maelezo hayo ndani ya programu ya kupanga video peke yake, maana programu ni wageni: huja, hula, huondoka.

Mimi ni mwandishi wa programu na nalisema hilo bila haya. Tazama historia. Kodi ya leo ilianza kama programu ya mashine ya michezo ya Xbox, ikiitwa XBMC mpaka 2014. Plex ilichipuka kutoka humo humo, ikapendwa, kisha mwezi wa Aprili 2025 ikaanza kudai malipo ili utazame video zako mwenyewe ukiwa mbali na nyumbani. Emby ilipofunga msimbo wake mwaka 2018, baadhi ya wasanidi waliuchukua ule uliokuwa bado huria, wakaanzisha Jellyfin. Hata VLC, iliyoanza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, iliingia kwenye iPad mwaka 2010, ikaondolewa mapema 2011 kwa mzozo wa leseni, ikarudi 2013. Mwenye mafaili mazuri hupita katika misukosuko hiyo yote akicheka. Anabadilisha programu jioni moja na hapotezi kitu.

Kwangu natumia Jellyfin, kwenye laptopu kuukuu iliyovunjika kioo. Laptopu ni seva nzuri kuliko watu wanavyofikiri: stima ikipotea, betri yake inashikilia mpaka uizime kwa heshima, badala ya diski kukatwa katikati ya kuandika. Lakini sitamshauri kila mtu aweke seva. Kama nyumbani mna kompyuta moja na tableti moja, VLC inatosha kabisa. Kwenye Android unganisha kwa waya, unakili. Kwenye iPad, VLC ina sehemu ya kushiriki kwa Wi-Fi: inakupa anwani, unaifungua kwenye kivinjari cha kompyuta, unavuta faili na kuliachilia pale. Kwenye flashi, kumbuka mfumo wa FAT32 hauchukui faili linalozidi gigabaiti 4. Flashi ikikataa eti imejaa ilhali iko tupu, iumbie upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Na hapa kuna jambo ambalo nimelieleza mpaka sauti ikakauka: Wi-Fi si intaneti! Video ikitoka kwenye laptopu ya sebuleni kwenda kwenye tableti ya chumbani, inapita kwenye ruta yako tu, haitoki nje ya ukuta. Hailii bando hata senti moja. Hata mwezi ambao hujalipia intaneti, ruta nyingi zitaendelea kupitisha video ndani ya nyumba. Nimekuta watu wakitazama harusi yao kupitia YouTube, kwa bando la siku, huku faili lenyewe liko mita tatu kutoka walipoketi.

Je, kwa nini tusiweke kila kitu kwenye wingu tupumzike? Weka, kama nakala ya tatu. Google Photos ilikuwa ikipokea video za ubora wa kati bila kikomo mpaka tarehe 1 Juni 2021. Tangu siku hiyo, unachoongeza kinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure. Waliokuwa wameitegemea peke yake walijikuta wakifuta kumbukumbu ili wapate nafasi ya barua pepe. Walionunua sinema kidijitali nao walionja yao: huduma ya UltraViolet ilifungwa tarehe 31 Julai 2019, na tangu Januari 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni tu. Kwangu nakala ya kwanza ni diski iliyo nyumbani, ya pili ni diski iliyo nyumba nyingine kabisa, kwa sababu mwizi na moto havichagui diski.

Kazi inayobaki haifanywi na kompyuta. Chukua tableti, nenda nayo ushago, keti na nyanya, ucheze video ya zamani, usimamishe kila uso usioujua na uulize, "Huyu ni nani?" Kwenye kompyuta, VLC hupiga picha ya pale uliposimamisha ukibonyeza Shift na S pamoja, zipeleke picha hizo hata kama video ni nzito. Majibu yaandike kwenye lile faili la maandishi siku hiyo hiyo. Mimi katika kanda moja ya 1994 nimebakiwa na nyuso tatu zisizo na majina, mmojawapo mwanamume mrefu aliyevaa kofia nyeupe anayemkabidhi babu mbuzi. Wazee wawili waliosalia nimewauliza, na kila mmoja anataja jina lake.