Uvira: Kabla ya kubomoa nyumba kando ya mito, aulizwe kwanza aliyetia saini

Mvua ikianza kunyesha milimani, wakaaji wa Uvira wanaoishi kando ya mto Mulongwe hawapati usingizi. Wanakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto ulipotoka kwenye njia yake. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikabomoka.

Kila baada ya msiba kama huo, viongozi wanarudia neno moja: ni marufuku kujenga kando ya mito. Neno hilo ni la haki. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kwa nguvu, ikibeba mawe na mchanga. Mchanga ukijaa mtoni, maji yanatafuta njia pengine, na mara nyingi njia hiyo inapita mlangoni mwa watu.

Lakini marufuku hayo yanamwangukia mtu mmoja tu: mwenye nyumba. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kwamba udongo wa Congo ni mali ya serikali. Basi, mtu akiwa na karatasi ya kiwanja kilicho ukingoni mwa mto, kuna aliyepima, kuna aliyepokea pesa, na kuna aliyetia saini na muhuri. Siku ya kubomoa, mama na watoto wanabaki nje na mizigo yao, na mwenye muhuri anaendelea na kazi yake ofisini. Kama saini hiyo haimgharimu kitu, kesho ataitia tena kwa kiwanja cha ng'ambo ya mto.

Wengine watajibu kwamba watu wanajenga bila karatasi yoyote, na hatari wanaijua. Ni kweli. Ila nyumba haijengwi kwa usiku mmoja. Msingi unachimbwa, matofali yanaletwa, na kiongozi wa mtaa anapita hapo kila siku. Tena, wengi wamefika mjini wakikimbia vita. Kiwanja cha bei ndogo ndicho kilicho karibu na maji, na aliyekimbia risasi hana nafasi ya kuchagua.

Uongozi wa mji na wa mkoa wa Kivu ya Kusini unaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, mpaka wa kutojenga uwekwe alama za saruji ambazo kila mtu anaziona, kusiwe na mpaka unaojulikana ofisini tu. Pili, kila karatasi iliyotolewa ndani ya mpaka huo ichunguzwe, na aliyeitoa ajibu mbele ya sheria. Tatu, anayehamishwa aonyeshwe kiwanja kingine kabla nyumba yake haijaguswa. La sivyo atarudi palepale.

Jambo hili si la Uvira peke yake. Mwezi wa tano 2023, maji na matope yaliua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe. Mwezi wa tano 2025, zaidi ya 60 walikufa Kasaba, wilayani Fizi. Kila mara viongozi walifika kutoa pole na kuhesabu maiti. Saini za viwanja nazo zihesabiwe, kabla mvua haijarudi.