Injini Haibebi Mzigo

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kikao cha harusi tangu saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Ajenda zilikuwa tatu, na ya kwanza, ile ya wanaoahidi bila kulipa, ikazimeza nyingine zote. Siku nyingine nitaandika juu ya vikao hivi, maana vinatumaliza. Lakini lililonitoa jasho siku hiyo halikuwa mchango. Mjumbe wa kamati ya usafiri, mtu mzima mwenye Hilux ya miaka ya themanini, alisimama kutuarifu kwamba tusilitegemee gari lake kubeba viti na maturubai. Lipo gereji, linafungwa injini kubwa.

Watu wakampigia makofi. Akanogewa. Akatueleza kwamba Wajapani waliyabana makusudi magari yale, wakayapa injini ndogo ili tulazimike kununua Land Cruiser. "Likitoka pale," akasema, "litabeba tani tatu wala halipumui." Kamati nzima ikatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa fizikia, naye akatikisa.

Imani hii imetapakaa, kuanzia maduka ya spea ya Gerezani pale Kariakoo hadi gereji za chini ya mwembe huko mikoani. Pikapu ikianza kuchoka, dawa yake ni injini kubwa. Ikishindwa mlima, injini kubwa. Mwenye gari akitaka kuongeza magunia, injini kubwa. Zamani mtu aliyekuwa na injini ya 2L ya lita 2.4 akitamani zaidi alitafuta 3L ya lita 2.8, na hapo sina ugomvi naye, kwani Toyota wenyewe walipanda ngazi hiyo hiyo ndani ya Hilux. Siku hizi mtindo ni 1KZ, dizeli ya lita 3 yenye tabo iliyokuja na akina Surf na Prado. Na wenye kichaa zaidi wanaulizia 1HZ ya Land Cruiser, mitungi sita, lita 4.2, waitumbukize kwenye kipikapu kilichozaliwa na injini ya mitungi minne.

Ndugu zangu, injini haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na chesisi, springi, ekseli, rimu na tairi. Injini inavuta tu. Hata ukifunga injini ya meli, springi zitabaki zile zile zilizotoka kiwandani, chesisi itabaki ile ile yenye kutu pale nyuma ya kebini, na tairi zitabaki na uwezo ule ule ulioandikwa ubavuni, ambao hakuna anayeusoma. Tena mnasahau kwamba injini yenyewe ni chuma. Gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, likiwa na mzigo na kila kitu ndani yake. Kila kilo uliyoiongeza chini ya boneti umeitoa kwenye bodi. Huyu bwana wa tani tatu amelipa mamilioni ili gari lake liruhusiwe kubeba kidogo kuliko jana.

Na huko kuvuta kwenyewe kuna njia yake. Nguvu hairuki kutoka kwenye injini hadi kwenye tairi. Inapita kwenye klachi, inaingia gia boksi, inatoka na propela, inafika kwenye difu, ndipo inazifikia ekseli shafti. Kwenye namba moja, gia boksi na difu kwa pamoja huuzidisha msokoto wa injini zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo hicho "kidogo" mlichoongeza mbele, ekseli shafti zinakipokea kimeshazidishwa mara kumi na ushee, nazo zilitengenezwa kwa ajili ya injini ya zamani. Ndiyo maana magari haya yanakata shafti pale pale stendi, yakiwa yanaondoka, abiria wamejaa na kuku wao. Halafu utasikia fundi akisema shafti ilikuwa feki.

Jirani yangu alifungiwa 1KZ. Nilikaribishwa kuitazama kama mtoto mchanga. Mauntingi zilikuwa vipande vya bamba vilivyochomelewa. Feni yake iligusa rejeta, ikaondolewa, ikawekwa ya umeme iliyotolewa kwenye gari dogo. Rejeta ilikuwa ile ile ya injini ya kwanza. Kwa kuwa pampu ya 1KZ hiyo inaendeshwa na kontrol boksi, kulikuwa na fungu la waya limezungushiwa mkanda mweusi, linaning'inia juu ya pedeli ya klachi, na ncha mbili zilikuwa wazi, hazina pa kwenda. Nikamuuliza fundi za nini. "Hizo hazina kazi, mzee." Hedi ya 1KZ inajulikana mji mzima kwa kupasuka joto likizidi. Hii ilipasuka kabla ya vuli. Fundi naye akawa hapokei simu, jambo ambalo nalo lina makala yake.

Tuseme basi kila kitu kimefungwa vizuri, na fundi ni malaika. Twende mlima Kitonga. Kila mtetezi wa injini kubwa ananitajia Kitonga, namna gari lake linavyoupanda bila kushusha gia. Lakini mzigo wenyewe, tuseme nyanya za Ilula, unakwenda Dar es Salaam. Ukitoka Ilula kwenda Dar es Salaam, Kitonga unaushuka! Bodi likiwa limejaa matenga hadi juu ya kebini, kinachokuhusu pale ni breki, na breki ni zile zile: diski ndogo mbele au hata dramu, dramu nyuma, na masta silinda ya enzi hizo. Najua kuna atakayesema dizeli kubwa inashikilia gari vizuri zaidi ukishuka kwa gia ndogo. Kweli. Sasa nionyesheni mtu aliyeuza kiwanja akanunua injini kubwa, halafu akashuka Kitonga kwa namba mbili.

Mwenyekiti wetu alilifundisha hili darasani miaka yake yote kabla ya kulikana kwa kutikisa kichwa. Mwendo ukipanda kutoka 60 hadi 90, umeongezeka nusu tu, lakini kazi inayoisubiri breki imepanda mara mbili na robo. Pikapu ya 2L ikijaa mzigo ilikuwa inakulinda kwa uzembe wake. Umeliondoa tatizo la kupanda, umejinunulia tatizo la kusimama. Aliyeshindwa kupanda mlima alichelewa sokoni. Aliyeshindwa kusimama tunamchangia jambo lingine kabisa, na vikao vyake havina soda.

Kuna hoja nyingine mbili ambazo huletwa kwa sauti kubwa. Ya kwanza: mbona Waarabu wa Ghuba wanafunga mitambo mikubwa kwenye Nissan Patrol na wanapanda milima ya mchanga? Wanafunga, tena wanapendeza. Wanaifunga kwenye gari la chesisi nzito, wanabadili gia boksi, wanabadili kila kinachozunguka, wanacheza Ijumaa na kurudi nyumbani. Hawaendi kupakia magunia ishirini ya mkaa na bibi harusi juu yake. Kulinganisha hayo na Hilux ya mjumbe wetu ni kumvalisha punda matandiko ya farasi na kumpeleka mashindanoni.

Ya pili ndiyo inayonichekesha: eti injini kubwa haichoki, kwa hiyo inakula mafuta kidogo. Mwenye kauli hii nampa njia rahisi, asimame sheli. Mwaka 2017 serikali iliifuta ile ada ya kila mwaka ya gari, maarufu kama rodi laisensi, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tulishangilia, kwa sababu ada ile ilikuwa inadaiwa hata kwa magari yaliyokufa uani na kuotewa na maboga. Lakini maana yake ni kwamba sasa kodi tunailipa kwenye pampu, na mwenye injini yenye kiu anailipa kwa kiu yake. Yeye na jirani yake wa bodaboda hawalipi sawa. Asije akalalamika kwenye kikao.

Halafu kuna kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake. Ukibadili injini, kadi nayo inapaswa kurekebishwa TRA. Wangapi wanakwenda? Wanasubiri trafiki afungue boneti, wampooze, waendelee. Siku ya ajali atakayefungua boneti ni mtu wa bima, na huyo hapoozwi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba pikapu nyingi zinazopelekwa kufungwa injini kubwa hazina upungufu wa injini. Zina upungufu wa matunzo. Nozeli hazijapimwa tangu gari lishuke bandarini, eya klina imejaa vumbi la Dodoma, klachi inateleza, kombresheni imeshuka kwa ringi zilizokwisha. Juu ya hayo mwenyewe amefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani ili gari "likae juu", na tairi kubwa inazirefusha gia zote. Kisha ananung'unika kwamba gari halina nguvu. Ameinyima hewa, ameinyima mafuta, ameirefushia gia, sasa anawalaumu Wajapani kwa njama.

Kwa hiyo, wewe mwenye Hilux ya zamani, kabla ya kwenda Gerezani na fedha mkononi, kapime pampu na nozeli. Kapime kombresheni, na ikibidi fanya oveholi ya injini uliyonayo. Rudisha tairi za saizi yake, safisha rejeta, weka breki mpya mbele na nyuma. Ukimaliza yote hayo na bado unataka kubeba tani tatu, uza hiyo Hilux ukanunue Canter.