Tachi inayokula chaji kidogo: muuza simu aulize nini?

Ushindani katika soko la simu za mkononi umehamia kwenye namba. Zamani mteja aliuliza kama simu ina redio na tochi. Leo boksi limejaa tarakimu: betri 5,000, kamera 50, na sasa imeongezeka nyingine, kasi ya tachi, 120 au 240 kwa sekunde. Wauzaji wa jumla wanaipigia debe namba hiyo na papo hapo wanadai kwamba tachi yenyewe inakula chaji kidogo. Safu hii inaona kuwa madai hayo mawili hayafai kumezwa kwa pamoja bila kuhojiwa, na yeyote anayetia mtaji katika mzigo wa simu, mashine za malipo au hisa za watengenezaji ana haki ya kujua sababu.

Chini ya kioo cha simu kuna nyaya nyembamba zisizoonekana, zilizopangwa kama wavu, nyingine zimelala na nyingine zimesimama. Chipu hupeleka umeme kwenye nyaya za upande mmoja na kusoma upande wa pili ni kiasi gani kimefika. Kidole kikigusa hupunguza kidogo umeme unaovuka pale penye makutano, na chipu hulitambua pengo hilo. Chukua mfano wa wavu wa nyaya 30 kwa 16. Hapo kuna makutano 480. Yakikaguliwa yote mara 120 kwa sekunde tunapata vipimo 57,600 kila sekunde, kidole kiwepo kisiwepo.

Njia rahisi ya kubana matumizi ni kupunguza volti. Umeme unaotumika kwa kila kipimo hufuata mraba wa volti, hivyo ukishusha volti nusu, matumizi yanabaki robo. Kwa muuzaji hiyo ni habari tamu sana. Lakini ishara ya kidole nayo imeshuka nusu, wakati vijimtikisiko vya umeme visivyotakiwa, ambavyo mafundi huviita kelele, vimebaki vilevile. Ili kurudisha usahihi wa awali inabidi kupima mara nne na kuchukua wastani, kwa kuwa kelele za kubahatisha hupungua nusu tu ukipima mara nne. Robo mara nne ni moja! Aliyekuonyesha akiba kwa kushusha volti peke yake, bila kubadili kitu kingine, amekuuzia usahihi wako mwenyewe.

Akiba ya kweli inatoka kwenye kupumzika. Mlinzi wa ghala hahesabu magunia usiku kucha. Husikiliza mlango, ukilia ndipo anasimama. Chipu nzuri hufanya hivyo. Pasipo na kidole hupima kila waya peke yake, yaani nyaya 46 badala ya makutano 480, tena mara 10 tu kwa sekunde. Njia hii haiwezi kutofautisha vidole viwili vizuri, maana vidole viwili huacha alama kwenye sehemu nne zinazowezekana na chipu haijui zipi ni za kweli. Kwa hiyo kidole kikishahisiwa ni lazima irudi kwenye ukaguzi kamili, na iliyoundwa kwa uangalifu inaweza kuelekeza nguvu karibu na kidole na kuacha kwingine. Kuna gharama: mguso wa kwanza unaweza kungoja hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kuonekana. Hapo ndipo ufundi wa mtengenezaji unapopimwa.

Mfano mzuri ni Apple mwaka 2015. iPad Pro ya mwaka ule ilikagua kidole mara 120 kwa sekunde, ikapanda hadi 240 pale tu kalamu yake ilipotumika. Kasi kubwa ilitolewa kwa kazi inayoihitaji. Namba 240 iliyoandikwa kwenye boksi bila kueleza inatumika lini haimsaidii mnunuzi.

Kwa nini tung'ang'anie usahihi? Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kidole kimekuwa kalamu ya soko. Tarakimu moja ikiruka, fedha zimekwenda kwa mtu mwingine, na kuzirudisha ni safari. Wakala wa siku hizi mara nyingi simu yake imechomekwa kwenye chaja kutwa nzima, na chaja ndiyo adui mkubwa wa tachi. Chaja duni huitikisa simu nzima kiumeme, na kidole cha mtu aliyesimama ardhini kinakuwa mlango wa kelele hizo. Matokeo yake simu inajibofya yenyewe au alama inahama, na fundi analaumiwa bure. Chipu imara hubadili masafa ili kuikwepa kelele, au huongeza vipimo, yaani hutumia umeme zaidi. Tena wakati huo simu iko kwenye umeme, kwa hiyo ubahili hauna maana yoyote. Chipu iliyonyimwa nguvu ili kupamba boksi huanguka hapo hapo.

Tusidanganyane pia kuhusu ukubwa wa faida. Katika simu ya kawaida tachi hutumia makumi ya miliwati, wakati mwanga wa kioo hutumia mamia. Anayesema tachi mpya itaongeza siku nzima ya chaji anauza upepo. Hali ni tofauti kwa saa ya mkononi yenye betri ya 300 hivi, au mashine ya malipo inayomngojea mteja kutwa. Huko kila miliwati ya kungoja ina uzito.

Kwa wenye hisa, historia inashauri tahadhari. Synaptics ya Marekani, iliyoanzishwa 1986 na kuingia soko la Nasdaq mwaka 2002, ilinunua mwaka 2014 kampuni ya chipu za kuendesha vioo kutoka kwa Renesas ya Japani kwa dola milioni 475 hivi, ikilenga kuunganisha tachi na kioo katika chipu moja. Teknolojia ilifanikiwa, lakini mwaka 2020 kampuni hiyo iliuza biashara yake ya chipu hizo kwa vioo vya LCD vya simu barani Asia kwa dola milioni 120. Cypress nayo iliiachia Parade biashara yake ya tachi za simu mwaka 2015 kwa milioni 100. Maoni yetu ni kwamba miliwati iliyookolewa kwenye simu humnufaisha mtumiaji, lakini haikai muda mrefu mfukoni mwa mwenye hisa, kwa sababu washindani huiga na bei hushuka. Wanaofuatilia Transsion, wenye Tecno, itel na Infinix, waliopo soko la Shanghai tangu 2019, wakumbuke kuwa nguvu ya kampuni hiyo ni kuuza simu, na kushuka kwa bei ya chipu si hasara kwake.

Anayechukua mzigo wa jumla, au vioo vya kubadilisha kwa ajili ya mafundi, afungue boksi moja kabla ya kulipa. Achomeke chaja ya bei ya chini kabisa ambayo wateja wake hutumia, si ile ya kwenye boksi. Achore mstari wa mshazari polepole kwa kidole kimoja. Ukijipinda kama nyoka, tachi inashindwa. Arudie kidole kikiwa na jasho. Kisha aiache simu ikiwa inawaka kwa dakika moja bila kuigusa, na aandike namba ya simu kwa haraka. Tarakimu ya kwanza ikipotea, usingizi wa chipu hiyo ni mzito mno, na bei ijadiliwe upya.