Kabla ya Kuchoma Vitabu vya Kina Mama

Somo la leo ni Mwanzo 29:16-35. Fungua Biblia yako uiweke kando, tutaifikia.

Tangu wiki jana kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi. Unasema riwaya za mapenzi zina roho chafu, zinawafungulia kina dada mlango wa mume wa rohoni, kwa hiyo zikusanywe zichomwe kwenye kesha. Wachungaji wenzangu watatu wamenitumia. Mmoja akaniuliza, "Mtumishi, wewe utachoma lini?"

Sichomi. Na kabla hujaandika hapo chini kwamba mchungaji amerudi nyuma, soma hadi mwisho.

Nilimuuliza huyo ndugu amesoma vingapi. Hata kimoja. Akasema hahitaji kuonja sumu ndipo ajue inaua. Sawa, lakini Mithali 18:13 ina neno kali kwa mtu anayejibu kabla hajasikia. Na tayari mambo yameanza kuumiza watu. Kuna kanisa, silitaji, ambapo mama ameondolewa kuongoza sifa kwa sababu simu yake ilikutwa na hadithi zile zinazotumwa sehemu kwa sehemu. Miaka ya utumishi imefutwa kwa sababu ya "sehemu ya 14".

Kwa hiyo nikasoma. Sikwenda nikiwa na moyo mwepesi, nawaambia ukweli. Mimi husoma historia na maisha ya wahubiri wa zamani. Kitabu chenye mwanamume asiye na shati kwenye jalada si changu. Nilinunua viwili vya Mills & Boon kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara Nairobi, vitabu vya kuinama. Nikaazima Redeeming Love ya Francine Rivers kwa dada mmoja wa kwaya. Halafu nikarudia The River and the Source ya Dkt. Margaret Ogola, ile ya 1994, ambayo wengi wenu mliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani.

Nianze na mabaya, maana ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Mills & Boon ilianza Uingereza mwaka 1908, na hivi viwili nilivyosoma ni hadithi moja iliyobadilishwa majina: msichana, mwanamume tajiri, ugomvi, harusi. Ukisoma ukurasa wa kwanza unaujua wa mwisho. Mwanamume ana kampuni na nyumba tatu, hana mama mgonjwa kijijini. Hakuna anayelipa karo. Hakuna mkopo wa sacco. Hakuna anayepanda matatu. Kurasa za chumbani nilizipita, na dada anayepigana na tamaa namwambia wazi: ziache, hazitakujenga. Tena katika kile kimoja, cha zamani, mwanamume anamshika msichana kwa nguvu baada ya kukataliwa, na mwandishi anataka tuyaite hayo mapenzi. Hiyo ni dhuluma, hata ikimalizikia kwenye harusi.

Basi hapo ningeweza kufunga vitabu na kumwambia ndugu yangu alete kiberiti.

Lakini hicho hicho cha zamani, mtu aliyekisoma kabla yangu alikuwa amekunja pembe za kurasa tatu. Nikazifungua nikijua nitakuta nini. Sikukuta. Zote tatu zilikuwa za mazungumzo. Kwa moja, mwanamume anamuuliza mwanamke siku yake ilikuwaje, na anangoja jibu. Kwa nyingine anasema, kwa kinywa chake, kwamba amemkosea, anataja alichokosa, na hajitetei. Ya tatu ni mwanamke anaongea ukurasa mzima bila kukatizwa.

Simjui aliyekunja. Pengine ni mama wa miaka 50 aliyesafisha nyumba akauza mzigo wa vitabu. Lakini nimekaa na hizo pembe tatu wiki nzima kuliko nilivyokaa na ule ujumbe wa WhatsApp.

Ile Redeeming Love nayo haikunimaliza mashaka. Rivers aliandika riwaya za kawaida za mapenzi kabla ya kuokoka mwaka 1986, na hii aliitoa 1991, akiwa ameichota kwa nabii Hosea. Ni California ya miaka ya 1850, wakati wa dhahabu. Angel aliuzwa utotoni kwa ukahaba, na mkulima anayeitwa Michael Hosea anamwoa. Sasa hapa nina neno. Anamwoa akiwa amepigwa vibaya, hajielewi sawasawa. Mimi ndoa hiyo siifungishi. Bibi harusi lazima akubali akiwa na akili timamu, na mwandishi aliyeokoka alipaswa kulijua hilo. Ila endelea mbele. Angel anatoroka, Michael anamfuata. Anatoroka tena. Mara ya mwisho anapoondoka, Michael hamfuati. Anangoja miaka, mpaka mwanamke anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Mume anayejua kungoja hivyo, ni wangapi kati yetu?

Na Dkt. Ogola, daktari wa watoto, Mkenya mwenzetu. Kitabu chake kilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995, watoto wetu wamefanyia mtihani, na hakuna aliyepagawa. Kinaanza na nini? Mapenzi. Owuor Kembo anatoa ng'ombe 30 kwa ajili ya Akoko, kisha anakataa kuoa mke wa pili ijapokuwa mama yake anamsukuma na mila inamruhusu. Mama mkwe anapomchafulia jina, Akoko anarudi kwao, na wazee wanakaa kusikiliza. Wanasikiliza, jamani! Wazee wa kijiji katika kitabu wamemsikiliza mwanamke kuliko kamati nyingine za kanisa ninazozijua.

Sasa ile Biblia uliyoiweka kando. Yakobo anafanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, na inakuwa kwake kama siku chache. Hiyo ni hadithi ya mapenzi, na Roho Mtakatifu ndiye aliyetaka iandikwe. Ukimaliza hapo, nenda Ruthu sura ya 3, usiku, kwenye sakafu ya kupuria nafaka. Kama ingekuja kama riwaya, ndugu yangu angeitupa motoni kabla ya kufika sura ya 4. Wimbo Ulio Bora sisemi; huo tunausoma kwenye harusi tu, tena haraka haraka.

Lakini mimi nakaa kwa Lea. Huyu hakuchaguliwa. Aliingizwa kwenye ndoa gizani na baba yake Labani, na asubuhi mume alipomwona akaenda kulalamika kwamba amedanganywa. Mkumbuke yule mwanamke aliyekuwa anayasikia malalamiko hayo. Kisha soma majina ya wanawe. Reubeni: sasa mume wangu atanipenda. Simeoni: Bwana amesikia kwamba nachukiwa. Lawi: safari hii mume wangu ataungana nami. Watoto watatu, na ombi ni lile lile. Yakobo hatuambiwi alimjibu nini. Mungu ndiye aliyeona.

Lea yuko kanisani kwako, mchungaji. Anakaa safu ya tatu. Amekuja ofisini akasema, "Baba, hanipigi, lakini hanisemeshi tangu Januari." Ukamwambia nini? Funga, omba, vumilia, mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake. Akaenda nyumbani akavumilia, na usiku watoto wakilala akafungua kitabu ambamo mtu anamuuliza mwanamke siku yake ilikuwaje. Leo umegundua kile kitabu, unasema kina roho. Mume wake aliyenyamaza miezi yote hiyo, yeye ana roho gani? Mbona huyo haitwi mbele ya madhabahu?

Na yule anayepigwa, usimpe kesha peke yake. Tuna Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015. Kuna nambari 1195, ni ya bure. Mpe hiyo nambari, umpeleke hospitali na polisi, kisha uombe naye.

Tena tusidanganyane, wazee wangu. David Maillu alipotoa After 4:30 mwaka 1974, waliokuwa wanaisoma chini ya dawati si ushirika wa kina mama. Leo mwanamume anatazama mpira Jumamosi na Jumapili, anaweka mkeka wa mechi sita, pesa ya unga inaenda, na hatujawahi kusikia mtu akitangaza tuchome runinga.

Dada zangu, msicheke sana, nanyi nina neno lenu. Usichukue mume wako anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi na shilingi 400 ukampima na mwanamume aliyeandikwa London ambaye hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Yule wa kitabuni hakoromi kwa sababu hana pua. Kama kitabu kinakufanya umdharau wako, kifunge. Kama kinakufundisha maneno ya kumwambia unachohitaji, mwambie. Pengine hajui. Wengi wetu tulilelewa na baba waliosema maneno kumi kwa siku, tisa yakiwa ya kuuliza chakula.

Ijumaa kesha iko palepale, saa tatu usiku. Moto hakutakuwa. Baada ya sifa kina mama wataendelea na maombi ndani, nasi wanaume tutatoka pale kwenye hema tusome Mwanzo 29 pamoja. Waume, njooni na kalamu. Kila mmoja ataandika jambo moja alilomkosea mkewe, kwa jina lake, na kulibeba nyumbani alfajiri.

Redeeming Love nimeirudisha kwa mwenyewe. The River and the Source iko kwenye meza ya katibu. Mzee wa kwanza kufika aichukue.