Shawa Inapokataa Kutoa Maji



Wapenzi wasomaji, wiki hii safu yetu yaingia hamamuni. Shawa inayonyamaza kabla ya alfajiri si kero ndogo. Mwenye kupaswa na josho la janaba, au bibi aliyetwahirika na hedhi usiku huo, huona wakati wa Swala unakwenda naye hajui aanzie wapi. Wako wanaokimbilia kumpigia fundi, na wako wanaosema kwa haraka, "Leo maji hakuna," wakadhani kwamba mlango wa tayamamu umefunguka. Makusudio yetu ni kuonyesha kwamba shawa kukauka si nyumba kukosa maji, na kwamba mara nyingi ila yake hutambulika kwa dakika chache na mtu asiye fundi.

Tutangulize ibada. Aya ya 6 ya Surat al-Maida imeruhusu tayamamu kwa asiyepata maji. Ambaye tangi lake lina maji, au mfereji wake wa jikoni unatoa, au ndoo yake imejaa, huyo amepata maji. (Mgonjwa anayedhuriwa na maji ana hukumu yake mbali.) Wala hayahitajiki maji mengi. Katika Hadithi ya Anas iliyopokewa na Bukhari na Muslim, twafahamishwa kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Pishi hiyo ni kadiri ya lita 3 hivi, haifiki hata nusu ya ndoo. Wazee wetu katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa walioga kwa kata kutoka kwenye birika, na twahara yao ikatimia. Basi oga kwanza kwa ndoo, uswali, kisha urudi kuichunguza shawa kwa utulivu.

Kanuni ya uchunguzi ni moja: ifuate njia ya maji tangu tangini hadi kichwani mwa shawa. Fungua mfereji wa jikoni na ule wa chini hapo hamamuni. Ikiwa yote ni mikavu, ila iko tangini au katika bomba kuu. Ikiwa hamamu peke yake ndiyo kavu, itazame koki ya kufungia maji ya chumba hicho. Huenda mtu aliifunga akasahau kuifungua. Ikiwa mifereji yote yatoa na shawa peke yake imekataa, basi ila i karibu nawe.

Hata hivyo, usiliache tangi bila kulitazama. Maji ya tangi husukumwa na kimo chake tu, na kila mita 10 za kimo ndizo zinazotoa nguvu ya bar 1. Tangi lililo mita 2 juu ya shawa lina bar 0.2 peke yake. Kwa sababu hiyo, maji yanapopungua tangini, shawa iliyo juu hudhoofika au hukatika mwanzo, na mfereji wa chini ukaendelea kutoa. Tena, tangi likiisha kabisa kisha likajazwa, hewa huweza kunaswa bombani ikazuia maji. Fungua mifereji ya chini yote mpaka itoe maji mfululizo bila kukohoa, kisha ujaribu shawa.

Bado kimya? Tazama kichwa cha shawa. Hapa twaweka onyo kabla ya yote: kama shawa yako ni ile inayopasha maji kwa umeme, zima swichi yake kuu wala usiifungue mwenyewe, hiyo ni kazi ya fundi wa umeme. Kichwa cha kawaida hufunguka kwa mkono, au kwa spana iliyozungushiwa kitambaa. Kitoe, kisha ufungue mfereji wa shawa. Maji yakibubujika bombani, ila ilikuwa kichwani. Wengi wetu hapa pwani twatumia maji ya visima, nayo huacha ukoko mweupe wa chumvi na chokaa unaoziba vitundu. Kiloweke kichwa hicho ndani ya siki kwa saa kadhaa, ukisugue kwa mswaki mkuukuu, uvizibue vitundu kwa sindano, na ukisuuze.

Ikiwa bomba ni kavu hata baada ya kutoa kichwa, ila iko ndani ya mfereji wa ukutani. Mkono wa mfereji ukizunguka bila kikomo, meno yake yamelika. Ukizunguka vyema na maji yasije, huenda washa ya ndani imeng'ang'ania kiti chake, jambo linalotokea sana kwenye maji ya nguvu ndogo, au takataka za tangi zimeziba njia. Mwenye kujiweza na afunge koki, aufungue mfereji ili maji yaliyobaki yatoke, autoe mkono wake, kisha akifungue kichwa cha mfereji kwa spana kinyume cha mishale ya saa. Washa iliyolika hubadilishwa. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani upate ya kipimo chake. Kabla ya kurudisha, weka taulo mbele ya tundu na uifungue koki kidogo ili maji yasukume uchafu nje. Na kama koki yenyewe haizunguki, usiilazimishe. Koki iliyoota kutu ikikatika, nyumba nzima itafurika.

Hapo ndipo pa kumwita fundi, nawe umpokee ukiwa na habari: mifereji gani yatoa, tangi liko vipi, kichwa kikitolewa huwaje. Asiyeelezwa haya huenda akaanza kuvunja vigae kutafuta tundu lisilokuwapo, na gharama ikawa juu yako. Mwombe akuonyeshe kifaa kibovu alichokitoa. Na bibi wa nyumba aliye peke yake asimwingize fundi wa kiume ndani. Na angoje mume, ndugu au mtoto mkubwa awepo, kwani kazi ya maji haina dharura inayohalalisha faragha na mtu asiye maharimu, nalo josho lapatikana kwa ndoo.

La mwisho ni kinga. Ifungue na kuifunga koki kila baada ya miezi michache isipate kukwama. Ondoa tope tangini. Osha kichwa cha shawa kwa siki kabla hakijaziba. Na kila usiku, kabla ya kulala, weka hamamuni ndoo moja iliyojaa na kufunikwa, na kata kando yake. Hiyo ndiyo akiba ya Swala ya Alfajiri, nayo haina washa ya kulika.

Wabillahi tawfiq.